Kimya Kina Historia Yake: Kutoka Barua ya Msalaba Mwekundu Mpaka Tiki za Bluu



Kila tukikaa na wazee, neno hili halikosi kutoka: simu imeharibu undugu. Mzee anasema zamani watu walipendana, sasa kila mtu ameinamia kioo chake. Vijana nao wanajibu kwamba bila simu nusu ya ukoo tusingejua kama wako hai. Nimesikiliza ubishi huu miaka mingi, na naona pande zote mbili zinaruka jambo moja. Sisi ambao familia zetu zilivuka Ziwa Tanganyika, undugu wetu ulianza kupimwa na kimya kabla simu haijafika. Na toka 1996 mpaka leo, maana ya kimya imebadilika. Zamani ndugu yako akinyamaza hukujua kwa nini, na kwa kuwa hukujua, ulimsamehe. Leo ukinyamaziwa unajua mpaka saa na dakika aliyosoma ujumbe wako. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza, na inabidi nianze nayo mbali, kabla hata mimi sijazaliwa.

Mwaka 1996 vita vya AFDL viliingia Kivu Kusini. Mwezi wa kumi Uvira ilianguka, na watu wa Uvira, Baraka, Fizi na vijiji vya kandokando ya ziwa wakakimbilia majini. Mtumbwi hauchagui familia, anayewahi ufukweni ndiye anayepanda. Baba anavuka, mama na watoto wadogo wanabaki porini, kaka mkubwa anaelekea Kalemie, bibi anakataa kuondoka nyumbani. Waliofika Kigoma wakapandishwa malori mpaka wilaya ya Kasulu, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Watu wakishapata turubai na unga, swali lililofuata lilikuwa moja tu: fulani yuko wapi?

Chombo cha kujibu swali hilo kilikuwa karatasi. Wazee wanaiita barua ya Msalaba Mwekundu, na wengi wenu hamjawahi kuiona. Ni fomu. Unaandika jina lako, la baba na la mama, ulipozaliwa na ulipo sasa. Halafu unaandika za yule unayemtafuta, na hapo unaeleza kwa kirefu kwa sababu kule kwetu nyumba hazina namba: kijiji, chifu, kanisa analosali, hata jina la utani alilopewa mpirani. Panabaki nafasi ya maneno yako. Sharti ni kwamba uandike habari za familia peke yake. Usiandike siasa, usiandike jeshi, usitaje nani amepita wapi na bunduki. Barua haifungwi kwa gundi. Inakwenda wazi, na wenye kazi hiyo wanaisoma kabla haijavuka, ili isiwe na neno la kumtia anayeibeba hatarini.

Utaratibu huu haukuanza na sisi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile ya Geneva, ilifungua ofisi ya kufuatilia wafungwa wa vita mwaka 1914, na katika vita vya pili vya dunia raia wa Ulaya waliotenganishwa na mipaka waliruhusiwa maneno 25 tu kwenye fomu moja. Maneno 25! Mama zetu hapa, salamu peke yake zinakula 40.

Nimezungumza na wazee kadhaa wa zoni yetu kuhusu barua hizo, na kila mmoja alinieleza kitu kilekile cha kwanza: muda. Barua ilikwenda kwa gari mpaka Kigoma, ikavuka ziwa, ikapokelewa upande wa Kongo, halafu mtu wa kujitolea akaibeba kwa baiskeli au kwa miguu mpaka kijijini, kama njia haikuwa na vita. Jibu liliandikwa na kurudi njia ileile. Wiki, miezi, wakati mwingine mwaka. Katika muda huo wote wewe ulikuwa na kimya mkononi, na hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha ziwa, cha barabara, cha askari aliyefunga njia. Mzee mmoja aliniambia alikaa zaidi ya mwaka bila jibu la mdogo wake, na katika muda huo hakuna siku alimkasirikia. "Nilikuwa nakasirikia vita," alisema.

Kitu cha pili walichonieleza ni kwamba barua haikuwa ya mtu mmoja. Jina lako likitajwa, jirani aliyesikia ndiye aliyekimbia kukuita. Ukifungua, watu wamekuzunguka. Wasiojua kusoma waliitafuta sauti ya mwalimu au ya mtoto wa shule, na mtoto akasoma mbele ya watu wote: bibi amefariki, shamba amelima fulani, mtoto wa fulani amezaa. Mwenye barua alilia na majirani wakalia naye palepale. Huwezi kuficha habari iliyosomwa na mtoto wa jirani yako.

Nisije nikaipamba sana enzi hiyo. Barua nyingi zilirudi hazijamkuta mtu. Na kambi yenyewe haikukaa mahali pamoja katika maisha ya watu. Waliokuwa Lugufu walihamishiwa Nyarugusu kambi ile ilipofungwa mwaka 2009, na ndugu wa ng'ambo ambaye alikuwa ameandika anwani ya Lugufu ilimbidi kuanza upya kumtafuta mtu ambaye alikwisha kupatikana.

Pamoja na karatasi ilikuwepo redio. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Mwaka uliofuata, 1995, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na hiyo mpaka leo tunaipata. Kazi kubwa ya redio za wakati ule ilikuwa kusoma majina: fulani mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, yuko mahali fulani, anatafuta wazazi. Fikiria watu kumi wamekaa kimya kuzunguka redio moja ya betri, betri zenyewe zimeanikwa juani mchana kutwa ili zitoe nguvu ya mwisho, wanangoja kusikia jina. Mara nyingi lilitajwa jina la mtu mwingine, na mmoja wao akaamka usiku huohuo kwenda kumpelekea habari mwenyewe kwenye kijiji kingine cha kambi. Redio haijibiwi, lakini ilifanya watu wawe masikio ya wenzao.

Kule Kongo kulikuwa na foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyokaa kwenye misheni, kwa wafanyabiashara na kwenye ofisi za misaada. Vijana mnaweza kuiona kwenye picha za zamani: boksi, waya umepandishwa juu ya mti, betri ya gari. Unapanga siku na saa, unalipa, unangoja zamu yako. Ukimaliza kusema unatoa neno la kumwachia mwenzako nafasi, kwa sababu wawili hamuwezi kusema kwa pamoja. Na kila mwenye foni kwenye wimbi hilo anasikia. Mwanaume aliyetaka kumuuliza mke wake kwa nini hakurudi aliuliza mbele ya nusu ya wilaya. Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Wazee wetu wangeuona mtandao wa leo wenye siri kama kitu cha ajabu sana.

Sasa tufike kwenye simu ya mkononi. Wengi wanafikiri simu hizi zilitoka Ulaya zikatufikia sisi mwisho kabisa. Kumbe Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika. Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mhandisi mwenye asili ya Rwanda, alianzisha Telecel Kinshasa. Simu zake zilikuwa nzito kama tofali na bei yake maelfu ya dola, kwa hiyo zilishikwa na mawaziri na matajiri. Mtu wa Fizi alizisikia tu. Simu ya watu wa kawaida ilikuja baadaye, Celtel upande wa Kongo ikianza mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, na upande huu wa Tanzania ni miaka hiyohiyo ambapo minara ilianza kuota mikoani. (Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Baba yangu mdogo bado anasema "weka Celtel".)

Mwanzoni simu kambini ilifuata tabia ya barua. Ilikuwa moja kwa watu wengi. Mwenye simu alijulikana, na namba yake ndiyo iliyoandikwa kule nyumbani kama anwani ya watu ishirini. Ikilia, anamtuma mtoto mbio: "Simu yako!" Unafika unahema, unaipokea mbele ya watu, na ukimaliza lazima uwaambie waliokaa pale wamesemaje. Palikuwa na sehemu za mwinuko ambako mtandao ulishika, na jioni ungekuta watu wamesimama pale, kila mmoja ameelekea upande wake kama wanaosali. Kuchaji ni kulipia kwenye kibanda chenye sola.

Hapo ndipo kilipozaliwa kitu ninachokiona cha maana kuliko wengi wanavyofikiri: kubipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, na alizipata kwa kuzungumza na watu wa Rwanda, majirani zetu. Aligundua ambacho kila mtu hapa anakijua bila kusoma: kubipu kuna adabu yake. Mwenye uwezo ndiye anayepiga. Mdogo anambipu mkubwa, mwajiriwa anambipu bosi. Mwanaume anayemtongoza msichana akimbipu amejiharibia. Na kuna bipu isiyotaka kupigiwa, inayosema tu nimekukumbuka, niko hai. Bipu moja ya namna hiyo kutoka Baraka ilitosha kumlaza mama usiku mzima kwa amani, na haikugharimu hata senti. Yaani tulipata njia ya kuvunja kimya bure. Nafikiri hatukujua thamani yake mpaka ilipopotea.

Kisha ikaja pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata. Sitakaa sana hapa kwa sababu faida yake kila mtu anaijua, kuna watoto wamemaliza shule kwa pesa iliyoingia kwenye simu. Ila toka siku pesa ilipoanza kupita kwenye chombo kilekile kinachopitisha salamu, salamu yenyewe ilianza kutiliwa shaka. Jina lako likitokea kwenye kioo cha ndugu mwenye kazi, kabla hajapokea ameshahesabu. "Tuma na ya kutolea" ni mzaha wa mjini, lakini ndani yake kuna ukweli unaouma: tumezoea kwamba simu ina bei zaidi ya vocha.

Mwaka 2015 ni mwaka mkubwa kwetu kwa sababu mbili. Wakimbizi wa Burundi walifika kwa makumi elfu na kambi ikajaa. Na ndio mwaka ambao Marekani ilianza kuwachukua Wakongo wa Nyarugusu kwa mpango wa kundi zima. Kila wiki mabasi. Mtu uliyesoma naye, uliyechota naye maji, anaondoka na mfuko mweupe wa IOM mkononi. Kuanzia hapo kundi kubwa la ndugu zetu likawa upande wa pili wa dunia, na waliobaki hapa wakawa ndio "kule nyumbani".

WhatsApp ilikuwa tayari. Ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, na Koum mwenyewe alikuwa amehamia Marekani kutoka Ukraine akiwa kijana pamoja na mama yake. Mwaka 2013 ikaweka ujumbe wa sauti, ule tunaouita voisi. Kwa maoni yangu voisi ndiyo iliyowafungulia mlango mama zetu. Barua ilihitaji mtu wa kuisoma, na SMS hivyohivyo. Voisi inahitaji kidole tu, na mtu anasema Kibembe chake au Kifuliru chake bila kumwomba mtoto wa jirani ruhusa. Mimi kazi yangu ya kujitolea inanizungusha nyumba hadi nyumba, na mara nyingi kazi niliyotumwa inakwisha kwa dakika tano, halafu nakaa nusu saa nikimwonyesha mama jinsi ya kutuma voisi.

Lakini mwezi wa kumi na moja mwaka 2014 ilikuwa imeongezwa kitu kidogo ambacho watengenezaji pengine waliona ni msaada tu: tiki mbili zikigeuka bluu, ujue amesoma. Chini ya jina panaandikwa alionekana mara ya mwisho saa ngapi. Hapo kimya kikapata mwenyewe. Ziwa halipo tena katikati, askari hayupo, barabara haijafungwa. Ni yeye na kidole chake.

Kuna mama mmoja mtoto wake wa kiume yuko Marekani. Kila nikipita ananipa simu: "Papa wangu, angalia kama amejibu." Siku moja nikaangalia, tiki zilikuwa bluu toka juzi yake. Akaniuliza, "Ameona?" Nikamwambia ndiyo mama, ameona. Hakusema kitu. Akaichukua simu, akaifunga kwenye kitenge, na akakaa wiki tatu bila kutuma neno. Wiki ya nne mtoto akapiga mwenyewe. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha nyama, anadaiwa kodi ya nyumba, na kila akisikiliza voisi ya mama yake alishindwa kujibu kwa sababu hakuwa na kitu cha kutuma. Alikuwa anaona salamu tupu ni matusi. Na huku mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto amebadilika. Wote wawili walikuwa wanapendana kwa muda wote huo.

Ninyi mlioko huko mtaniambia kama nakosea, lakini nadhani hadithi hiyo inafanana na nyingi. Huku kukipambazuka huko ni usiku, kati ya hapa na Chicago ni tofauti ya saa nane au tisa kutegemea majira yao. Mtu ametoka zamu ya usiku, anafungua simu mara moja kuangalia saa ya kuamka, ujumbe unafunguka, tiki zinakuwa bluu, analala. Huku tunasema amejidai. Yule wa mwaka 1997 angepewa mwaka mzima wa kusamehewa. Huyu hapewi siku mbili.

Nataka kusema pia kuhusu misiba, maana hapo ndipo wazee wana haki kabisa. Kwetu habari ya kifo ina njia yake. Wanaume wanakaa kwanza, Wabembe wanaita lubunga, wanapanga nani atamwambia mama, nani atasimama karibu na dada wa marehemu, wanakwenda alfajiri, wanaanza mbali, "tumekuja kukusalimia". Mtu anaanza kuelewa taratibu kwa kuona nyuso. Siku hizi mtu anafia Uvira saa nne, saa nne na robo picha yake imewekwa kwenye stetasi na mshumaa, na dada yake yuko kwenye foleni ya chakula hapa Nyarugusu anafungua simu. Nimeshuhudia mwanamke akianguka kwenye foleni kwa sababu hiyo. Hakukuwa na mtu wa kumshika aliyekuwa amejiandaa kumshika.

Upande mwingine wa msiba huohuo, grupu la ukoo linaundwa kwa saa moja. Orodha ya michango inazunguka, kila mtu ananakili na kuongeza jina lake na kiasi chake. Jeneza linapatikana, maiti inasafirishwa, mazishi yanaonyeshwa kwa video na mtoto aliyeko Kanada analia pamoja na watu ambao hajawaona miaka kumi. Barua ya Msalaba Mwekundu isingeweza hilo. Ila angalia na orodha: jina lako lisipokuwemo linaonekana halimo, na linabaki halimo, mtu anaweza kupandisha juu mwakani akalitafuta. Zamani aliyekosa kuchanga alileta kuni, akachimba kaburi, akalala matangani siku tatu. Kazi hizo haziandikwi kwenye orodha ya grupu. Aliyechimba kaburi hana namba.

Tusisahau kwamba kuna kimya kinachotengenezwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti na ujumbe mfupi nchi nzima, na intaneti haikurudi mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Hapa kambini tulikuwa tunaona tiki moja ya kijivu kila upande. Wazee walituliza watu vizuri kuliko sisi vijana, kwa sababu walikuwa wameshaishi na kimya cha namna hiyo. Walitafuta vocha wakapiga simu ya kawaida, walisikiliza redio, waliulizana nani amepata habari. Vijana wengi tulikuwa tunafungua na kufunga data kama mtu anayepampu baiskeli iliyochanika.

Mwaka uliofuata, Januari 2020, Tanzania ilianza kufunga laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Mkimbizi anayetumia laini iliyoandikishwa kwa jina la rafiki au la mwenye duka hana nguvu juu yake. Ikifungwa, namba imekwenda, na namba ndiyo anwani. Ndugu waliopatana kwa shida ya miaka ishirini wanaweza kupoteana kwa siku moja kwa sababu ya laini. Kisha mwezi Machi mwaka huohuo safari za kwenda kuishi nchi nyingine zikasimamishwa kwa ajili ya korona, na mwezi Januari 2025 Marekani ikasimamisha tena mpango wake wa kupokea wakimbizi. Zipo nyumba hapa ambazo baba na wakubwa wako Marekani na mama na wadogo wako Nyarugusu, masanduku yalikwisha kufungwa. Mwezi huohuo Goma ilianguka, Februari Bukavu, na makundi yetu yakajaa video, nyingine za vita vya miaka mingine kabisa, zikitumwa na mtu mwenye hofu kwa watu wenye hofu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama simu imeharibu undugu, jibu langu ni kwamba imeuhamisha. Undugu wa mbali umeongezeka maneno na umepungukiwa na subira. Undugu wa karibu umepoteza kazi zake ndogondogo: kukimbia kumwita jirani, kumsomea, kumsikilizia redio, kumwambia habari mbaya kwa upole. Kazi hizo hazikuwa za upendo peke yake, zilikuwa za lazima kwa sababu chombo kilikuwa kimoja. Kila mtu alipopata chake, lazima ikaisha. Wanaosema vijana tumekosa roho wanasahau kwamba hata wazee wenyewe wakishapata simu nzuri wanavaa spika masikioni. Nimewaona.

Msalaba Mwekundu bado wapo, bado wanatafuta watu na wanatoa simu za bure kwa asiye na uwezo, na karatasi bado zinaandikwa kwa wale ambao hawana namba. Kinachonisumbua mimi ni karatasi za zamani. Mama zetu wamezihifadhi kwenye mifuko ya plastiki pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo, na mvua ya hapa mnaijua, na mchwa mnawajua. Voisi za mwaka 2016 nyingi zimeshapotea na simu zilizoibiwa au kufa. Barua za 1998 bado zinasomeka. Tumekubaliana katika kikundi kwamba Jumamosi mbili zijazo tutapita zoni kwa zoni, kwa ruhusa ya wenyewe, tupige picha kila barua pande zote mbili, na mwenye barua aisome kwa sauti tumrekodi. Ambaye hataki majina yaonekane tutayafunika kwa karatasi. Mkiwa mbali na barua zenu ziko kwa bibi hapa, mtumieni bibi voisi mapema mumweleze sisi ni nani, asije akatufukuza.